Kioo Kilichozidi Kipimo

Visiga,
Jumatatu, 8 Februari 1954

Kwa binamu yangu Zahoro, fundi cherehani, Kisarawe.

Nakusalimu wewe na shemeji Sikudhani, ingawa wewe salamu huzistahili, maana tangu Idi Kubwa hujaniandikia hata mstari mmoja. Baba anamsalimu dada yake, mama yako, na anauliza kama bado anakulisha au mkeo amekubali kuubeba mzigo huo peke yake.

Sasa lililonishikisha kalamu. Unajua kwamba kamera hii niliinunua kwa yule mpima barabara aliyekuwa anarudi kwao. Aliniuzia kamera na mkoba wake, lakini kifuniko cha lenzi kilikwisha potea zamani, na mimi kwa furaha sikuuliza. Mwaka mzima nimepiga picha na kioo kiko uchi, malori ya Morogoro yanapita mlangoni pangu na kuniachia vumbi, nami nalifuta kwa pindo la shati. Nadhani unajua mchanga na shati vinafanya nini juu ya kioo. Nikikitazama juani naona mikwaruzo kama uso wa sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

Mwezi uliopita nilimpiga picha Mzee Mwishehe wa Mlandizi, mwenye mikorosho kule upande wa Gwata. Anataka kwenda Hijja mwaka huu, na ofisini wanahitaji picha ya karatasi za safari. Nilimkalisha vizuri, lakini jua lilikuwa linanitazama upande wa kushoto, na lenzi yangu haina ukingo wa kuizuia isiangalie jua. Picha nilipoisafisha ilikuwa na utando mweupe, mzee yumo ndani kama aliye nyuma ya chandarua. Ofisini wameirudisha. Amenipa nafasi ya pili, Jumamosi tarehe 6 Machi. Hakusema kwamba kuna ya tatu.

Wewe huenda Dar es Salaam kununua nyuzi. Nakuomba uingie duka la vitu vya kamera unitafutie hivi: kioo cha kuvishwa mbele ya lenzi, ili vumbi na mikwaruzo viishie hapo, ukingo wa kukinga jua, kifuniko, na brashi ya nywele laini. Kioo nataka cha njano, maana mpima barabara alikuwa nacho cha njano na picha zake zilipendeza. Nimekufungia uzi. Kutoka fundo hadi fundo ndio upana wa pete ya lenzi yangu. Kioo hiki huvishwa kwa kusukumwa juu ya pete, kwa hiyo kipimo ndicho kila kitu.

Fanya haraka, na usiniulize haraka ya nini.

Mimi, mtoto wa mjomba wako,
Hemedi Kitwana


Kisarawe,
Alhamisi, 18 Februari 1954

Hemedi, mla sahani tatu,

Barua yako imefika, imenikuta na cherehani mbovu na mke mkali, lakini nimeacha vyote nikapanda lori la muhogo kwa ajili yako. Nilikaa juu ya magunia kuanzia Kisarawe mpaka Dar, na niliposhuka nilikuwa na vumbi kuliko hiyo lenzi.

Mwenye duka ni mtu mpole, ana miwani minene. Nilimwambia, "Nipe kioo cha njano." Akaniuliza, "Cha kazi gani?" Hilo ndilo swali ninalowauliza wateja wangu kila siku. Mtu akija akaniambia nimkatie hariri, namuuliza kwanza, ya harusi au ya kulimia?

Basi akanipangia vioo vinne juu ya kitambaa: cha njano, cha kijani, chekundu, na kimoja kisicho na rangi. Chekundu, Hemedi, ni kizuri mno. Nilikishika dhidi ya dirisha, mtaa mzima ukawa kama umeingia ndani ya komamanga. Nilikuwa nimekwisha kukichukua mwenye duka aliponiambia kwamba hicho kinameza mwanga, na kamera isiyo na mguu wa kusimamia itatikisika kabla picha haijaingia. Cha njano nacho hula mwanga, ila kidogo. Akaniambia kila kioo hupendelea rangi yake: ukitazama kwa cha njano, vitu vya njano na vyekundu vyekundu hutoka vyeupe katika picha, na mbingu ya buluu hukolea giza, mawingu yakaonekana. Akauliza, "Ndugu yako anapiga mawingu?" Nikasema, "Anapiga wazee." Akasema, "Anataka nini hasa?" Nikasema, "Vumbi lisimguse." Akakirudisha cha njano kwenye boksi lake na kunisukumia kile kisicho na rangi.

Kwa hiyo nimekuletea kisicho na rangi. Usininunie. Hakiongezi kitu wala hakipunguzi, kinakaa mbele na kupokea yote, kikikwaruzika unanunua kingine na lenzi yako iko salama. Brashi ipo, na kifuniko cha ngozi kipo. Ukingo wa kukinga jua wa kukutosha walikuwa hawana. Mwenye duka anakuonya pia kwamba wakati wa masika usiifungie kamera ndani ya mkoba wenye unyevu, kioo huota ukungu kama mkate. Na shati usiliguse tena. Vumbi lipulize, kisha brashi, na kitambaa kiwe cha mwisho.

Habari ya huku: juzi amekuja mzee mmoja wa umri mkubwa kushonewa kanzu mbili. Nilipokuwa nampima mabega akaniuliza kama nina ndugu Visiga mpiga picha. Nikasema ninaye, kwa bahati mbaya. Akataka habari zako, nami nikakutendea haki. Nikamwambia Hemedi anakula sahani tatu na ya nne anaimaliza kwa macho. Hulala mpaka jua limguse kisigino. Akimwona chura hupanda kitandani. Na ile kamera aliinunua ili apate kufumba jicho moja mchana bila kuitwa mvivu. Mzee alisikiliza vizuri sana. Sikumuuliza jina, mteja huandikwa jina akija kuchukua.

Vitu nimempa utingo wa lori, atakufikishia.

Mtoto wa shangazi yako,
Zahoro


Visiga,
Alhamisi, 25 Februari 1954

Zahoro,

Leo sina utani. Kaa chini kwanza.

Mzee huyo ana ndevu zilizotiwa hina, sivyo? Na alipokuwa anakusikiliza alikuwa anazishika? Huyo ni Mzee Mwishehe. Kanzu ni kweli anazihitaji kwa Hijja, lakini mafundi wa kanzu wamejaa Mlandizi. Mtu haendi Kisarawe kwa ajili ya kanzu. Alikuja kuulizia habari zangu.

Nimemposa binti yake. Anaitwa Tatu. Barua ya posa baba aliipeleka mwishoni mwa Januari, na mzee alijibu kwamba anaomba muda wa kuuliza, kama inavyofanywa na mzazi yeyote mwenye akili. Akauliza. Akakuuliza wewe.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ningekuambia Jumatatu, Jumatano mtaa mzima wa Kisarawe ungekuwa unaimba, na kama mzee angekataa ningebaki na aibu ya mitaa miwili. Nilifikiri naizuia aibu moja. Kumbe nimeita nyingine. Zahoro, nampenda binti huyu. Siandiki kwa kucheka. Nilimwona siku ile ya picha ya kwanza, amemshikia baba yake fimbo, na nadhani lile jua la upande wa kushoto ningeliona kama macho yangu yangekuwa mahali pake.

Na kama hilo halitoshi, kioo hakinikai. Kinacheza juu ya pete kama kofia ya mtu mzima kichwani mwa mtoto. Niliinamisha kamera kidogo tu, kikaanguka mkekani. Nimshukuru Mungu kwa mkeka. Uzi nilikufungia mwenyewe, nilipima mara tatu. Ulikosea wapi?

Zimebaki siku tisa. Nakuomba vitu viwili: unitafutie njia ya kioo, na mzee akija kuchukua kanzu zake usifungue kinywa.

Hemedi


Kisarawe,
Jumatatu, 1 Machi 1954

Hemedi, ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha Sikudhani akaichukua akanisomea kwa sauti ili nisikie vizuri nilivyo. Ndiyo, ndevu zilikuwa za hina. Ndiyo, alizishika. Aliposikia habari ya chura alizishika kwa mikono miwili.

Unanisamehe au hunisamehe, lakini na wewe sikiliza. Binamu akiulizwa habari za binamu yake atasema nini? Mimi na wewe tumeanza kutukanana kabla ya kujua kutembea, na mama zetu walicheka. Ungenidokeza neno moja, ningejua huyu si mteja. Ulificha kisima, kisha unanilaumu kwa kutumbukia.

Habari ya kioo ni yangu peke yangu, nami naikiri. Uzi wako ulikuwa sawa. Nilipofika dukani niliuweka kwenye futi yangu ya kupimia, nikasoma, kisha mkono wangu ukafanya unachofanya kila siku tangu niwe mwanafunzi wa cherehani. Uliongeza nafasi ya mshono. Mwenye duka aliniuliza mara mbili, "Una hakika?" Nami nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi ni fundi, vipimo ndio chakula changu. Sikukumbuka kabisa kwamba kioo hakishonwi. Nilipokipima tena nyumbani niligundua, nikanyamaza, nikatumaini pete yako itakuwa nene kidogo. Hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma zaidi.

Kukibadilisha hakuna muda, mvua zimeanza na lori la muhogo limekwama. Lakini niliyeongeza nafasi ya mshono ndiye nitakayeshona. Ndani ya bahasha hii kubwa utakuta mfereji mfupi wa ngozi ya mbuzi, mviringo kama mkono wa kanzu, ndani nimeubandika kaniki ili mwanga usirukeruke. Nyuma una kamba: vuta, ukamate pete ya lenzi, funga. Katikati kuna mishono miwili iliyoachana kidogo. Kioo chako kiingize hapo kwa mlango niliouacha pembeni, kisha ufunge kifungo. Mbele ya kioo ngozi inaendelea kiasi cha pingili moja ya kidole, na huo ndio ukingo wa jua ambao duka lilikuwa halina. Nilishona wa kwanza ukawa mrefu, Sikudhani akaniuliza kama hautaonekana kwenye pembe za picha. Nikaupunguza. Jaribu kwanza bila filamu, fungua nyuma ya kamera utazame pembe zote nne.

Mzee anakuja kuchukua kanzu Alhamisi tarehe 11. Umeniambia nisifungue kinywa. Hilo siwezi kuahidi. Mtu akiharibu hurekebisha.

Zahoro


Visiga,
Jumatatu, 8 Machi 1954

Zahoro,

Nimekusamehe Jumamosi saa nne asubuhi, iandike hiyo tarehe.

Ule mfereji wako umekaa. Nilivuta kamba, nikatikisa kamera, nikaigeuza juu chini, kioo hakikutoka. Pembe zote nne safi. Asubuhi ile nilipuliza, nikapiga brashi, nikaning'iniza shuka nyeupe ukutani, na safari hii nililiweka jua nyuma ya bega langu.

Mzee Mwishehe alikuja peke yake. Nilimwamkia, akaitika marahaba. Alikaa. Kabla sijapiga akanyoosha mkono. "Hiyo ngozi ni ya nini?" Nikamwambia ni ya kukinga jua, na ndani yake mna kioo cha kupokea vumbi badala ya lenzi. "Imetoka dukani?" Nikasema, "Ameishona binamu yangu." Akaisogelea, akaipitisha kidole kwenye mshono wote kuzunguka, taratibu, kama anayetafuta kasoro. "Yule wa Kisarawe?" Nikasema ndiye. Akarudi kukaa, nikapiga.

Picha nimeisafisha jana. Zahoro, kila unywele wa ndevu umetoka. Hina imeshika kijivu chake, haikugeuka nyeupe kama ambavyo kioo cha njano kingeifanya, na nakiri mbele yako kwamba ulichagua vizuri kuliko nilivyoagiza. Macho yanakutazama. Leo asubuhi amechukua nakala mbili, akazitazama kwa muda mrefu mlangoni, akanishukuru kwa kazi. Kwa kazi tu. Juu ya posa hakugusa hata pembeni.

Kwa hiyo picha imefaulu na mimi sijui nilipo. Usiku nalala, chakula nakula, usimwambie mtu. Lakini moyo haukai. Alhamisi akija, Zahoro, nakuomba kwa jina la mama yako, kuwa mpole.

Hemedi


Kisarawe,
Ijumaa, 12 Machi 1954

Hemedi,

Nilikuwa mpole. Hilo ndilo tatizo.

Nilivaa kofia safi. Nilimwekea kiti. Nilimpa shikamoo ya kuinama. Kanzu zake zilikuwa zimepigwa pasi tangu asubuhi. Alipokuwa anaangalia mikono ya kanzu nikaona ndio wakati, nikasema maneno niliyoyakariri siku tatu: "Mzee, yule Hemedi uliyeniulizia ni kijana mpole, mchapakazi, mcha Mungu, anayeheshimu wakubwa na kuwahurumia wadogo."

Akaishusha kanzu.

"Ni mgonjwa?" akaniuliza.

"La, mzee. Mzima kabisa."

"Amekukosea?"

"Hajanikosea."

"Sasa mbona unamsifu kama unayesimama kaburini kwake? Nilikuja hapa mwezi uliopita ukamtukana vizuri, nikaenda zangu nimetulia. Leo unamsifu. Kijana ana nini?"

Hemedi, nilitoa jasho. Nikajaribu kurudi nyuma, nikasema kweli anakula sahani tatu, lakini sauti haikuwa na nguvu, ilitoka kama ya mtu anayeomba msamaha. Akazikunja kanzu zake mwenyewe, hakuzijaribu, akaondoka na kusahau hata kuchukua vifungo vya akiba.

Sikudhani alikuwa nyuma ya pazia. Ananiambia ningejikalia kimya kama ulivyoniagiza, na kama nilishindwa kukaa kimya basi bora ningeendelea kutukana. Nimekuharibia mara mbili, mara ya kwanza kwa kutojua na ya pili kwa kujua. Mama analia, anasema kaka yake atamwambia nini. Kama unataka nije Mlandizi kwa miguu nikapige magoti kwa mzee, niandikie, nitakuja.

Zahoro


Mlandizi,
Jumatano, 24 Machi 1954

Kwa Hemedi bin Kitwana, Visiga.

Jibu la posa nimempelekea baba yako kwa mkono wa ndugu yangu Salumu, na utalipata kwake kama inavyostahili. Barua hii ni yako.

Mtu anapoposewa binti huulizia habari za mposaji. Nimeuliza kwa imamu wenu, kwa jirani zako, na kwa mwenye duka la mchele. Wote wamekusifu. Sifa za watu hao hazikunisaidia sana, maana kila mtu husifu anapojua kwa nini anaulizwa. Nikaambiwa una binamu Kisarawe. Nikasema, huyo ndiye. Binamu akimpenda mtu humtukana mbele ya watu, na akimchukia humsifu na kubadilisha mazungumzo. Binamu yako alikutukana kwa muda wa kunipima mabega, kifua, mikono na urefu, na kila tusi lilikuwa na furaha ndani yake. Niliondoka nimeridhika nusu nzima.

Nilipokuja kwako siku ya picha, nikaigusa ile ngozi. Mishono ile haikuwa ya kazi ya haraka. Mtu hashoni vile kwa ajili ya ndugu asiye na thamani. Nikaridhika nusu ya pili. Nilitaka kukujibu siku ile ile ya kuchukua picha, lakini mlango wa studio si mahali pa maneno hayo, nikangoja nimalize habari za kanzu.

Basi nikaenda kuchukua kanzu, na binamu yako akakusifu. Nisamehe, niliogopa. Nilidhani umepata maradhi wanayonificha, au mmegombana. Sikulala. Siku ya pili nikashuka Visiga bila kukuarifu, nikasimama upande wa pili wa barabara. Nikakuona umekaa kizingitini na sinia ya muhogo wa kuchemsha. Ulikula. Ukaongezewa. Ukaongezewa tena. Nikarudi nyumbani moyo mweupe, na njiani nilicheka peke yangu hadi mwenye baiskeli akasimama kunitazama.

Lakini nikuambie lililokuwa kubwa kuliko hayo yote, kwa kuwa utakuwa mwanangu. Ile picha ya kwanza, yenye utando, Tatu aliiona mezani akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba analia. Aliniambia nilionekana kama mtu aliyekwisha kwenda. Mimi ni mzee, safari ni ya meli, na wengi wanaokwenda Hijja kwa umri wangu huzikwa huko, nao hulihesabu kuwa ni bahati. Nilipoleta picha ya pili, nakala mbili, asubuhi yake nakala moja ikawa haipo. Nikaitafuta kila mahali, kisha nikaacha kuitafuta, kwa sababu nilijua iko wapi. Hajalia tena tangu siku hiyo. Ofisi imepata yake, na binti yangu anayo yake. Kazi hiyo uliifanya wewe, nami nakushukuru kwayo kuliko nilivyokushukuru mlangoni.

Nataka kuondoka nikimwacha nyumbani kwake. Kwa hiyo nimemwambia baba yako ndoa iwe Ijumaa tarehe 9 Aprili, kabla ya Ramadhani, hapa Mlandizi. Tatu nimemuuliza. Ameniambia Ijumaa hiyo ni mbali.

Siku hiyo kamera uje nayo, pamoja na ile ngozi yake, maana mvua ikikatika barabara ina vumbi. Ila usiishike. Bwana harusi hapigi picha harusi yake. Mpe binamu yako, umfundishe wiki hii mahali pa kubonyeza, atupige sote, mimi na binti yangu kwanza. Na nina sharti moja ambalo silegezi: mpaka ndoa ifungwe, asiseme juu yako neno lolote jema.

Wako mkweo,
Mwishehe bin Mfaume